Mtu Aliyevaa Koti la Nahodha

Juzi mvua ilinikuta Mwembe Tayari, nikajibanza chini ya turubai la muuza mitumba. Makoti ya sufi aliyoyatundika ukingoni yalikuwa yameloa, na harufu yake ikanipanda puani, harufu kama ya mnyama aliyelala kwenye maji. Mjini kwetu nani avaa sufi? Ndiyo maana harufu ile huisikia mara moja kwa miaka, na kila nikiisikia miguu hutaka kukimbia kabla kichwa hakijajua sababu. Nikatoka nikaloa. Yule muuzaji akanicheka: "Mama, mbona waacha pakavu wafuata maji?"

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari. Mimi huandika kidogo kidogo, na mara nyingi nikisoma nilichoandika jana nakiona si kweli sana. Shule niliishia darasa la nane. Kwa hivyo nyinyi wa rika langu, mliolelewa Mji wa Kale wakati wa madeki na kanda za video za kukodi, nikikosea niwieni radhi. Nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata filamu.

Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Huenda miezi saba, minane, akirudi hubeba sabuni zenye harufu nzuri, na Mama huzificha kabatini hadi ziishe harufu bila kuogewa. Barua zake zilikuwa hazikosi. Mwaka niliokuwa na miaka kumi zikakoma. Mwezi wa kwanza Mama alilaumu posta. Wa tatu hakulaumu mtu. Kila Alhamisi alivaa buibui akaenda kwenye ofisi ya wakala wa meli, huko upande wa Mbaraki, na kila Alhamisi alirudi akalitundika buibui msumarini polepole, kama mtu anayeogopa msumari utang'oka. Nilikuwa nikimtazama mgongo. Mgongo ulinitosha kujua.

Juu ghorofani alikuwako Bibi, mamake Baba, Bibi Mwanakombo. Miguu yake ilikuwa imekataa ngazi, basi alishinda huko huko juu, akiulizia habari za chini kwa sauti kubwa. Kila mlango ukibishwa, "Nani?" Kila mtu akipanda, "Kuna barua?"

Wenyewe mwajua desturi. Msafiri akikawia, huendewa mwalimu wa ramli, msafiri akafunguliwa kitabu. Mama hakutaka, lakini Bibi alishikilia, na Bi Rukia, jirani yetu wa nyumba ya mbele, akasema hapana ubaya. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Mwalimu alikuwa mtu mzima mpole, na sitaki kumsema vibaya. Aliuliza jina la Baba na jina la mamake Baba. "Athmani wa Mwanakombo," Mama akasema kwa sauti ndogo. Mwalimu akaandika, akahesabu kwa vidole, akafungua kitabu chake kikubwa chenye kurasa za manjano, akasoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Kisha akasema, "Yu hai. Lakini njia imemfungika."

Mama alilia njiani kote. Mimi, ndani ya kichwa changu cha miaka kumi, niliondoka na jambo moja: kumbe habari za msafiri zimo kitabuni. Hutaja jina lake na la mamake, ukafungua, ukasoma. Sikujua kwamba kuna vitabu vya kazi hiyo na vitabu visivyo vya kazi hiyo. Sikuuliza. Na kitabu mimi nilikuwa nacho.

Kilikuwa kitabu cha hadithi cha shule, kimetoka lugha ya Wazungu kikafasiriwa Kiswahili na kufupishwa. Hadithi ya nahodha aliyekwenda bahari ya barafu kumtafuta nduguye aliyepotea. Merikebu inabanwa na barafu, chakula kinakwisha, mabaharia wanagawanyika makundi mawili, na nahodha anatembea kwa miguu juu ya bahari iliyoganda. Barafu mimi nilikuwa nikiijua ile ya vipakiti, ya ukwaju, inayouzwa mlangoni mwa shule. Bahari nzima ya namna ile sikuiweza, nikaifikiria nyekundu. Mwisho wa kitabu nahodha anarudi kwao, sikio moja limekatika kwa baridi, anabisha mlango, bintiye anafungua, naye anamwambia: "Nimechelewa, lakini sikupotea." Hapo hadithi imekwisha. Nilikuwa nikiipenda sentensi hiyo mpaka nikaiandika kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati.

Basi siku ile nikatoka kwa mwalimu, nikakaa nyuma ya pipa la maji, nikafumba macho, nikataja Athmani wa Mwanakombo, nikafungua kitabu na kuweka kidole. Na hapa lazima niseme kweli, maana ndipo hofu ilipoanzia. Mara ya kwanza kidole kiliangukia habari za mbwa. Mara ya pili kiliangukia picha. Mara ya tatu nilifungua nyuma, nyuma kabisa, nikijua vizuri ninakofungua, na kidole kikaangukia "sikupotea." Nikapanda juu mbio nikamwambia Bibi, "Bibi, kitabu kimesema Baba yuwaja." Bibi alidhani ni cha mwalimu. Akanibusu mikono yote miwili. Mikono ile ile iliyoiba jibu.

Haikupita wiki mbili Bi Rukia akatuita kutazama. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa na deki, na baada ya alasiri wanawake wa mtaani hukusanyika pale na kashata zao, wakatazama filamu ya Kihindi wakalia vizuri, wakarudi majumbani kupika. Siku ile dukani filamu za Kihindi zilikuwa zimekodiwa zote, na Tausi, bintiye Bi Rukia aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akaletewa ya Kizungu. Yeye ndiye aliyekuwa akifasiri. Mama hakuja, ilikuwa Alhamisi.

Ilipoanza tu niliijua. Merikebu, barafu (nyeupe, si nyekundu), nahodha na koti lake refu jeusi la sufi. Nikaruka. "Hii naijua! Kitabu changu hiki! Nduguye hawamwoni, yeye anarudi!"

"Nyamaza basi, wewe uliyesoma," Tausi akaniambia. "Utatumalizia utamu."

Nikanyamaza nikijivuna. Nikangoja nahodha atembee juu ya barafu, akatembea. Nikangoja aanguke, akaanguka. Nikangoja aamke.

Hakuamka. Mpishi wa merikebu, mtu mwembamba ambaye kitabuni kwangu hakuwamo kabisa, akaja, akamtazama, akamvua koti. Akalivaa. Barafu ikamfunika nahodha hadi uso, na yule mpishi akaenda zake hadi mji wa nahodha, na watu wa mji walipoliona koti wakatoka kumshangilia. Walilitambua koti, uso hakuna aliyeutazama. Akafika mlangoni akabisha. Binti yumo ndani, ni mkubwa kama mimi.

"Asema yeye ni baba'ke," Tausi akafasiri, na sauti yake pia ilikuwa imepungua.

"Usimfungulie, mwanangu!" Bi Rukia akapiga kelele akielekea televisheni. "Usimfungulie! Si yeye!"

Wanawake wote wakamfuata, "Si yeye! Si yeye!" Binti akafungua. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje, kashata bado imo mdomoni, siwezi kuitema wala kuimeza.

Sasa niwatendee haki waliotengeneza filamu ile, maana kwa miaka mingi niliwachukia kama watu waliotudhulumu nyumbani kwetu. Nimekuja kuona filamu tatu zilizotolewa kwenye hadithi hiyo. Ya pili ni ya Kihindi. Nahodha anakufa akafufuka mvuani, nyimbo sita, na barafu yote ni mlima mmoja tu nyuma ya wachezaji. Ya tatu ni ya juzi, mwanangu aliileta kwenye simu, na ndani yake nahodha ni mwanamke. Kila moja nilisema, hii si yenyewe, wameharibu. Kisha mwanangu, ambaye Kiingereza anakiweza, akakipata kitabu kizima, kinene kama tofali, akanisomea jioni baada ya jioni. Mpishi yumo. Koti limo. Mtu wa koti anabisha mlango, sura nzima ya kitabu. Na nahodha, kwa kweli, mwandishi hakusema amekufa wala amerudi. Amemwacha barafuni akitembea. Ile "Nimechelewa, lakini sikupotea" haimo popote. Aliitunga aliyetufupishia, nadhani kwa huruma, akijua kitasomwa na watoto. Kwa hivyo kitabu nilichokiapia ndicho kilichokuwa mbali zaidi na asili, na filamu niliyoilaani ilikuwa karibu. Simlaumu aliyefupisha. Simsifu pia. Sijui ningefanya nini mahali pake.

Lakini mtoto wa miaka kumi hakuyajua hayo. Alijua kwamba amekidanganya kitabu, na kitabu kimemjibu kwa picha. Maneno waweza kuyafungulia unapotaka, picha huiwezi, yenda yenyewe mbele ya macho ya watu wote. Niliacha kula samaki wa barafu. Nililala na Bibi, mkono wangu ndani ya mkono wake. Mama akaniuliza, "Una nini, Zena?" nikasema tumbo. Ningemwambiaje? Kwamba Baba amekufa, na kwamba mtu mwingine yuwaja?

Alhamisi aliyokuja ilikuwa ya manyunyu. Mama ameshakwenda Mbaraki. Mlango wetu wa chini ulikuwa ule mzito wa kizamani wenye komeo la chuma, na nilikuwa nimekaa ngazini nikichambua mchele.

"Hodi."

Nikaacha kuchambua.

"Hodi wenyewe! Mama Zena!"

"Nani?"

"Mimi." Sauti ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyezoea kunyamaza. "Zena? Ndiwe? Mimi babako, mwanangu. Nifungulie."

"Babangu yuko baharini."

"Nimerudi. Nimekuja kwa basi."

Kwa basi! Sisi tulikuwa tukimtazamia kwenye maji, na yeye aja kwa basi la kutoka bara. Nikasogea nikachungulia kwenye ufa wa ubao. Sikuona uso. Niliona koti. Refu, jeusi, limeloa mabegani, na ile harufu ikapenya ufani ikanijaa puani. Nakumbuka mchele ulimwagika, na nakumbuka nilifikiri Mama atanipiga kwa mchele, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa kubwa.

Bibi akaita kutoka juu, "Nani abishaye huko?"

"Muuza maji, Bibi!"

Nje nikasikia mtu akishusha pumzi. "Huyo ni mamangu," akasema polepole. "Yu mzima?"

Kwani mtu mwema atauliza nani yumo ndani? Nikapata fikra moja, na niliiona ya busara sana. "Kama ndiye, sema. Ukirudi wasema nini?"

"Niseme nini, mwanangu?"

"Yale maneno."

Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye bati. Kisha akasema, "Nimechelewa."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye komeo. Chuma kilikuwa cha baridi. Nililivuta nusu, ndiyo, nusu nzima, nikingoja iliyobaki.

"Nimechelewa, Zena," akasema tena. "Na nilipotea hasa."

Nikalirudisha komeo.

Kelele zangu ndizo zilizomtoa Bi Rukia dirishani. "Yarabi! Athmani! Si Athmani huyu? Enyi watu!" Mlio wa viatu ngazini kwake, mlango wake ukafunguka, na mara njia yetu nyembamba ikajaa watu. Kila mtu alikuwa akishangilia. Kila mtu, kama kwenye filamu vile vile.

"Zena!" Bi Rukia akagonga kwa kiganja. "Fungua mlango, mwana usiye adabu we! Babako amenyeshewa!"

"Si yeye!"

"Si yeye nani? Mimi simjui Athmani?"

"Wewe mwenyewe ulisema si yeye! Ulisema usimfungulie!"

"Nilisema lini?"

"Kwenye filamu!"

Tausi akaangua kicheko, kisha akakikata katikati. Nadhani yeye ndiye wa kwanza kuelewa. Nilimsikia akimweleza mtu kwa sauti ya chini, haraka haraka: koti, mpishi, barafu. Kijana mmoja wa mtaani akasema, basi tuusukume tu mlango, bega moja linatosha.

"Hapana," yule mtu wa koti akasema. "Msimvunjie mtoto mlango."

"Utakaa mvuani?"

"Baraza si hii? Nimekaa miezi mitano kwenye meli isiyokwenda, bandari ya barafu, mwenye meli ametutoroka, hakuna mkate wala makaa. Hili koti nimepewa na watu wa kanisa, na tikiti pia wao. Nitashindwa kungoja barazani kwangu?"

Wengine wakasema maskini. Mimi nilisikia neno barafu, nikapanda ngazi nne kinyumenyume kwa makalio.

Akaketi. Watu wakamletea chai, Bi Rukia akamletea taulo, na sauti zikapungua moja moja hadi ikabaki yake tu, akikohoa. Hakubisha tena. Hakuniita. Mara moja tu aligusa mlango, chini, karibu na kizingiti, mguso mdogo, kisha akauacha mkono wake pale pale. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ubao ule. Sasa ni mtu mzima na nina watoto, na hata leo sijui kama kilichonizuia kufungua kilikuwa hofu tu au kulikuwa na kitu kingine nilichokijua tayari na sikutaka kukijua.

Mama alirudi kabla ya magharibi. Niliona buibui lake kwenye ufa, limesimama katikati ya njia. Hakukimbia. Katika zile filamu tatu zote mwanamke hukimbia.

"Athmani?"

"Naam."

"Umekula?"

"Chai."

"Wafanya nini nje?"

"Nimefungiwa."

Mama akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nusu yake kicheko. Akaja mlangoni. "Zena. Fungua."

"Mama, ni yeye?"

Hapa naapa siongezi kitu: Mama hakujibu mara moja. Alimgeukia akamtazama, nikaona ubavu wa uso wake. Kisha akasema, "Fungua tumwone vizuri."

Nikafungua.

Masikio alikuwa nayo yote mawili. Kwa dakika moja hilo pia lilinitisha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, masharubu hakuna, mkono wa kushoto una vidole viwili vyeusi nchani. Hakuninyanyua kama alivyokuwa akininyanyua zamani. Alipita kando yangu kwa adabu, kama mgeni, akapanda kwa mamake, na kile kilio cha Bibi nitakiacha bila kukiandika. Bibi hakuniuliza habari ya muuza maji, siku ile wala baadaye, hadi alipofariki.

Chakula kilipowekwa Baba aliniita. Sikukaribia. Akaniuliza kutoka pale pale, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za shule: "Huyo mtu wa koti wa kwenye filamu, alipofunguliwa alifanya nini?"

"Sijui. Nilitoka."

"Tausi ajua. Kamwulize."

Nilikwenda kweli, nikarudi. "Asema aliingia akakaa kwenye kiti cha nahodha, akanyoosha miguu. Ikaisha."

"Kwenye kiti?"

"Ndiyo."

Baba alikuwa na kiti chake, cha mikono, kando ya dirisha, na muda wote ule hakuna aliyekikalia. Alikitazama. "Basi mimi kiti sikitaki," akasema, akajishusha kwenye mkeka. Alijishusha kwa shida. Baridi ilikuwa imemharibu magoti, akikaa chini huchukua muda, na akiinuka hushika ukuta.

Siku tisa alikaa chini. Wageni walikuja kumpa mkono wa kurudi salama, wazee wa msikitini, mabaharia wenzake, na wote walikaa vitini, mwenye nyumba kwenye mkeka. "Athmani, mbona hivyo?" wakamwuliza. "Nangoja ruhusa," akawajibu, akawamiminia kahawa. Hakunitazama aliposema. Mimi nilikuwa mlangoni kila mara, nikimkagua: anavyocheka, anavyomenya chungwa, anavyomwita Bibi. Mengine yalilingana. Mengine hayakulingana, na mpaka alipokufa hayakulingana.

Siku ya kumi alikuwa akijaribu kuinuka aswali, ukuta uko mbali, mkono wake ukatafuta hewa. Nikakishika kile kiti. Kilikuwa kizito, kikapiga kelele sakafuni chumba kizima, nikakiburura hadi ubavuni pake, nikakisukuma chini ya kiganja chake.

"Keti," nikamwambia.

Akanitazama. "Umehakikisha ni mimi?"

"Bado," nikasema. "Lakini keti."